Sina Neno

Binti yangu Wakesho alinipigia simu Jumapili ya pili baada ya mazishi ya mama yake. Yeye yuko Uarabuni, anafanya kazi za nyumba, na hakuja kuzika. Alituma kila kitu ila yeye mwenyewe. Hema lilitoka kwake, viti vilitoka kwake, hata shada kubwa la maua lililowekwa juu ya kaburi lilikuwa na jina lake. Nilikuwa nimekaa barazani hapa Sagalla na ungo wa pojo mapajani, nikitoa mawe, kazi ambayo sikuwahi kuifanya mke wangu akiwa hai. Akaniuliza, "Baba, umekula?" Nikamwambia nimekula. "Nani amekupikia?" Nikamwambia nimejipikia. Nilisikia kiyoyozi kikivuma huko aliko, na mtoto wa watu akilia kwa lugha nisiyoijua. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, una neno na mimi?" Nikamjibu, "Sina neno, mwanangu." Akasema, "Haya, Baba," akakata. Nilirudi kwenye pojo zangu lakini vidole havikufanya kazi. Sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa sauti ya marehemu baba mkwe wangu, Mzee Mwadime, na maneno yalikuwa yake hasa, jinsi alivyoyasema miaka mingi iliyopita katika chumba chake Likoni, akiwa ameangalia mlango.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa pili wa ndoa yetu. Mkawasi na mimi tulipanga chumba kimoja Voi, mtaa wa Mwakingali, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua katikati na choo cha pamoja. Kitanda kilichukua nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya jiko la makaa, sufuria tatu, na kamba ya nguo iliyopita juu ya vichwa vyetu, hata ukisimama haraka unavaa shati bila kupenda. Asubuhi treni ya mizigo ikipita, vikombe vilicheza kwenye rafu. Mimi nilikuwa fundi wa pancha kando ya barabara kuu, kwa Mzee Karanja, mtu wa bara aliyekuja Voi kijana na kuzeekea hapo. Elimu yangu ilikuwa ya darasa la saba, na mikono yangu ilinuka mpira hata baada ya kuoga. Mkawasi alisema harufu hiyo ndiyo iliyomwambia nimefika kabla sijabisha. Alikuwa mtu wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na alicheka kwa urahisi. Nayaandika haya kwa sababu katika miezi ninayotaka kuisimulia alicheka kwa nadra.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa akiwa mzima, akanyonya, akapewa jina, na kabla kitovu hakijaanguka akafa. Sitaandika zaidi ya hapo. Kabla mwaka haujaisha Mkawasi akawa mjamzito tena, na mimba ilipoanza kuonekana akaanza kutokwa na damu, kidogo kidogo. Kliniki walimwambia alale, anywe vidonge, asibebe maji. Nikawa nabeba maji mimi, na wanawake wa pale uani wakawa wananitazama nikipita na ndoo kama wanaotazama msiba ukienda kwa miguu. Ndipo shangazi yake Mghoi, dada wa baba yake, aliposhuka kutoka Rukanga. Alikuja na mahindi mabichi kwenye lesso na mtungi wa plastiki wa maji, mtungi wa manjano ambao hapo mwanzo ulikuwa wa mafuta ya kupikia. Nilidhani ametuletea maji kwa sababu mfereji wa Voi ulikuwa umekauka wiki ile. Nilimshukuru. Akaniambia, "Usiyaguse hayo, Mwakio. Hayo yana safari yake."

Jioni hiyo nilikaa nje nikiosha miguu, na pazia la mlango lilikuwa jepesi, nikawasikia. Shangazi Mghoi alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka shamba hadi shamba, hata mnong'ono wake ulifika ng'ambo ya ua. "Niambie, mtoto wangu. Nani hajanena lililo moyoni mwake?" Mkawasi akasema wote walinena. Mjomba alinena, nyanya alinena, hata yule mlevi, mdogo wake Baba, alinena akapewa chai. "Na baba yako?" "Baba alituma blanketi," Mkawasi akasema. "Sikuulizi blanketi. Nimeuliza kama amenena." "Alisema hana neno, Shangazi." "Hiyo ndiyo inayonitisha mimi. Mtu ana binti mmoja, binti anaolewa yeye hayuko, halafu anasema hana neno! Hata mbuzi ukimchukulia mtoto atasema mee." Mkawasi akacheka kidogo, kisha nikasikia analia. Shangazi akasema, "Nenda kwake Mombasa na haya maji. Ni ya kwetu mlimani. Akiyanywa atakumbuka mdomo ni wa nini. Akatase, basi. Mengine ni ya Mungu."

Msomaji asiye wa kwetu huenda halijui neno hilo. Kutasa kulikuwa kwa wazee wa milima yetu kabla ya makanisa, na kuliendelea chini chini baada ya makanisa. Mtu mwenye hasira moyoni na ndugu yake hutaja kile kinachomuuma, akakitaja wazi, yule ndugu akisikia. Kisha huvuta maji kinywani, akayapuliza nje, na kuomba amani. Wazee waliamini kwamba hasira ya mtu wa karibu, hata kama mwenyewe hamtakii mabaya mtu yeyote, humwangukia aliye dhaifu nyumbani. Na aliye dhaifu kuliko wote ni mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi nililelewa kanisani na sikuamini. Usiku ule nilimuuliza mke wangu kama yeye anaamini. Alikuwa amelala ubavu, mkono juu ya tumbo. Akasema, "Sijui. Lakini nataka kumsikia Baba akisema kitu." Nami nilijua blanketi lile lilitujia kwa sababu gani. Wazee wangu walikwenda Rukanga kuposa kwa wajomba, na salamu zikatumwa kwa baba Mombasa, lakini salamu hazina miguu. Zilifika kwake harusi imeshaliwa.

Nilipoomba ruhusa kazini sikusema habari ya kutasa. Nilimwambia Mzee Karanja nampeleka mke wangu akaone feri. Akaweka chini chuma cha kubandulia tairi akanitazama. "Feri? Mtu mzima anaenda kuona feri?" Nikamwambia hajawahi kuiona. "Mimi pia sijawahi kuona Nairobi ikinizoea, na sijaomba ruhusa," akasema. Lakini yeye ndiye aliyetutafutia lori. Dereva mmoja wa ndizi za Taveta alikuwa mteja wetu, na Jumamosi hiyo alisimama kuangalia magurudumu akielekea Mombasa. Mzee Karanja alimfungulia Mkawasi mlango wa mbele, akapangusa kiti kwa kofia yake mwenyewe, akamwambia dereva, "Huyu mama umwendeshe kama mayai. Nikisikia ulirukia shimo, pancha yako inayofuata utaziba na ulimi." Mimi nilipanda juu ya ndizi. Mkawasi alishika mtungi wa manjano kati ya miguu yake njia nzima. Kila lori lilipopunguza mwendo nilichungulia kupitia kidirisha cha nyuma, na kila mara nilimwona ameuwekea mkono kwenye kizibo.

Dereva alitushusha kisiwani, tukatembea polepole hadi kivukoni. Pale palikuwa na watu kama maharagwe yaliyomwagika: wafanyakazi wanaorudi nyumbani, wanawake na vikapu vya samaki, mikokoteni, baiskeli zilizobeba mikate. Mkawasi alinivuta shati akauliza tiketi inakatwa wapi. Mlinzi mmoja akamsikia. "Wa miguu ni bure, mama. Ingia." Akauliza, "Na kurudi?" Mlinzi akasema, "Kurudi pia. Hata ukitaka kwenda na kurudi mpaka uzeeke, ni bure." Mke wangu akacheka. Kicheko chake kilikuwa kidogo kama cha mtu aliyesahau njia, lakini kilikuwa chake, na mimi nilimpenda mlinzi yule ambaye sikumwona tena. Feri ilipoondoka Mkawasi alishangaa kwamba haikugeuka. Ilikuja na uso mmoja na ikaondoka na mwingine, kama chombo kisicho na mbele wala nyuma. Tulisimama kati ya watu na magari, hatukuyaona maji vizuri. Tuliyasikia chini ya chuma. Safari yenyewe ilikuwa fupi. Nilikuwa nimejiandaa kushangaa, na kabla sijaanza watu wakaanza kusukumana kushuka.

Mzee Mwadime alikuwa kibarua katika kiwanda cha mbao upande wa kisiwani na alipanga Likoni, kwenye nyumba ya Bi Mwanaisha, mjane wa Kiswahili aliyeuza mahamri. Chumba chake kilikuwa kisafi kuliko chetu. Kitanda cha kamba, meza aliyojitengenezea, kalenda ya kanisa, na viatu viwili vya kazi vilivyopangwa ukutani visigino vikigusana. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye vumbi la mbao katika nyusi lisilotoka. Alimpokea binti yake kwa mikono miwili, akamkalisha kitandani, akauliza habari za kila mtu wa Rukanga mmoja mmoja, na za mbuzi, na za mvua. Mimi aliniita kijana. Hakuuliza habari ya mtoto aliyefariki. Alijua, kwa maana alimtazama Mkawasi tumboni, akainua macho haraka, akasema anatoka kununua samaki.

Alipokuwa ametoka, Mkawasi aliweka mtungi mezani na tukatoka uani kunawa. Hapo ndipo Bi Mwanaisha alipoingia kwa wema wake. Aliona wageni, akaona maji, akachukua mtungi akajaza birika kubwa la chai na sufuria ya wali. Tuliporudi mtungi ulikuwa mwepesi. Mkawasi aliushika akautikisa, akageuka rangi. "Bi, maji haya…" Bi Mwanaisha akatabasamu. "Maji matamu hayo, mwanangu! Wallahi kisima chetu hiki chumvi tupu, chai yake kama machozi. Nikasema leo wageni wanywe chai ya watu. Nimekosea?" Mkawasi alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa na uwezo wa kusema mengi. Akasema, "Hujakosea, Bi. Asante." Nilipima kwa jicho: yalikuwa yamebaki maji ya kujaza kikombe, labda na nusu yake.

Tulikula wali na samaki wa kukaanga, sahani moja ya chuma katikati, Bi Mwanaisha akiwa amekaa mlangoni akizungumza kwa niaba yetu sote. "Huyu baba yenu mtu wa ajabu," akasema. "Kaja hapa miaka, simjui kicheko wala kilio. Ukimuuliza vipi Mzee, salama. Vipi kazi, salama. Nyumba ikiungua atasema salama, kuna joto kidogo." Mzee Mwadime aliendelea kutoa miiba na kuweka minofu upande wa binti yake. Kisha akamiminiwa chai. Alipiga funda la kwanza akasimamisha kikombe karibu na midomo. Hakumeza mara moja. Nilimwona akiangalia ndani ya kikombe, kisha mtungi wa manjano pembeni, kisha ndani ya kikombe tena. Alimaliza chai yote, akageuza kikombe, akakitikisa kuona kama kuna tone.

Bi Mwanaisha alipokwenda kuswali, Mkawasi alipiga magoti mbele ya baba yake. Alimwambia wazi. Alisema mtoto wa kwanza alikufa, na huyu anatishia kuondoka, na Shangazi Mghoi amemtuma. "Baba, kama nilikukosea, niambie. Kama ni huyu mume wangu, mwambie. Yuko hapa." Mzee akaangalia mlango. "Sina neno," akasema. "Baba, tafadhali." "Mghoi ana mambo ya zamani. Mimi ni mtu wa kanisa. Tuliomba, tutaomba. Sina neno na wewe, sina neno na kijana." Akatandika mkeka akatuachia kitanda. Taa ilipozimwa nilisikia pumzi za watu watatu ambao hawajalala. Nilifikiria kazi yangu. Tyubu ikiwa imetoboka, ukiipangusa na kuiangalia juani utasema ni nzima. Lazima uizamishe kwenye beseni la maji ndipo povu likuonyeshe. Lakini sikuwa na ujasiri wa kumwambia baba mkwe wangu kwamba yeye ni tyubu.

Jumapili alitupeleka kanisani, baadaye akatutembeza ufukweni, akatununulia viazi vya karai na mihogo ya kuchoma. Watu waliotuona walidhani ni familia inayofurahi. Mkawasi alikula kidogo na alishika mgongo wake mara kwa mara. Jioni damu ilitoka tena. Aliniambia mimi tu. Akasema, "Turudi nyumbani. Nimejaribu." Nikakubali. Hakulia, na hilo liliniogopesha kuliko damu.

Asubuhi ya Jumatatu Mzee Mwadime alikuwa anavuka kwenda kazini, basi tukavuka naye. Feri ilijaa. Watu wote walikuwa na uso wa kazi. Tulipata nafasi ukingoni, karibu na msururu wa watu waliobeba vifurushi vya chakula cha mchana. Mzee alisimama kati yetu na bahari, viatu vyake vya kazi vimepangwa sawasawa hata pale. Injini iliponguruma akasema bila kunitazama, "Kijana. Yale maji yalibaki?" Nilifungua mfuko nikampa mtungi. Aliushika kwa mikono miwili.

"Ni ya kule juu, kwenye mawe?" akauliza. Mkawasi akaitikia. Mzee akafungua kizibo akanusa. Kisha akaanza kusema, macho kwenye maji, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeagiza mbao. "Nilikuwa na neno. Siku ile nilikuwa napakia. Akaja mtu wa lori kutoka Voi, mimi simjui. Akasema, Mzee, hongera, binti yako ameolewa, tulikula pilau. Mbele ya watu wote wa kiwanda. Wakanitazama. Nikacheka. Nikasema, najua, nilituma zawadi." Akapangusa mdomo wa mtungi kwa kidole. "Jioni ndipo nikanunua blanketi. Ili isiwe nimedanganya." Mkawasi alikuwa ameziba mdomo kwa lesso. Mzee akaendelea, "Mkawasi, mimi si mtu wa pilau. Lakini niliambiwa na mtu wa lori. Hilo ndilo neno langu. Lilikaa hapa." Akajigusa kifuani. "Wewe kijana, wazee wako walipita nyuma yangu. Hilo ni la pili. Sina la tatu." Akainua mtungi, akavuta maji kinywani, mashavu yakajaa, akayapuliza kwa nguvu mbele yake, kama wazee wanavyofanya kule mlimani wakiwa wameupa upepo mgongo.

Lakini feri haina mbele wala nyuma. Alikuwa amechagua upande kwa mazoea yake ya kuangalia kisiwani anakokwenda kazini, na chombo kilikuwa kinaelekea huko huko alikoangalia, na upepo ukayachukua yale maji matakatifu ukayarudisha yote kwa abiria. Kijana mmoja aliyevaa tai aliruka. "Mzee! Unatutapikia?" Mama mmoja wa samaki akasema, "Ai, shati jeupe la watu!" Mfanyakazi wa feri akapiga kipenga. "Mzee, kama unatapika sogea kule mwisho!" Mzee Mwadime alijifuta kidevu. Alimgeukia yule kijana wa tai kwa heshima kubwa. "Nisamehe, mwanangu. Sijatapika. Ni baraka hiyo." Kijana akasema, "Baraka gani ya mate?" Mama wa samaki akamjibu, "Wewe chukua tu. Mwezi huu umeshapata nyingine?" Watu wakacheka. Mkawasi alicheka huku machozi yakimtoka, akishika tumbo kwa chini, na baba yake akasema kwa Kidawida, lugha ya milima yetu, neno moja, sere, amani, akalisema tena, akimwekea kiganja kilicholowa juu ya kichwa.

Feri ikagusa upande wa pili na watu wakaanza kumiminika. Nilidhani mambo yamekwisha. Mzee akamuuliza binti yake, "Na wewe? Una neno?" Mkawasi akaangalia watu wanaoshuka, akaniangalia mimi, akasema, "Baba, utachelewa kazi." Mzee akasema, "Sikuulizi kazi." Kwa hiyo tulishuka na watu, tukazunguka, tukaingia kwenye foleni ya kurudi Likoni tulikotoka, na mzee ambaye watu wa kiwanda walipimia saa kwa kufika kwake akachelewa. Safari hii nilisogea mbali nao. Neno la Mkawasi halikuwa langu. Niliona midomo yake tu. Alisema kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mara moja alipandisha sauti, nikasikia "…kila Krismasi, Baba, kila Krismasi tuliangalia barabara." Mzee alikuwa ameinama, sikio karibu naye kwa sababu ya injini. Hakujitetea. Alipomaliza, Mkawasi alivuta maji yaliyobaki akayapuliza, naye aliangalia kwanza feri inaelekea wapi. Mtungi mtupu ulibaki Likoni. Bi Mwanaisha aliutumia kwa mafuta ya taa, niliuona miaka mingi baadaye tulipokwenda kumzika mzee.

Sasa niseme ukweli. Damu iliacha kutoka wiki ile. Wiki ile ile daktari wa kliniki alikuwa amembadilishia vidonge na kumlaza. Wakesho alizaliwa wakati wa mvua za vuli, akilia kwa hasira, mzima. Shangazi Mghoi alisema ni maji ya mlimani. Padri alisema ni maombi. Mzee Karanja alisema ni dereva wa lori aliyeogopa kuziba pancha kwa ulimi. Mimi sijui. Miaka mitatu baadaye tulizika mtoto mwingine, mvulana, na hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa na neno na sisi. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba kutasa kunaokoa mtoto. Ninachojua ni kwamba baada ya feri ile Mzee Mwadime alianza kuja. Alikuja bila kualikwa, akakaa kwenye kitanda chetu kile kilichojaza chumba, akamshika mjukuu wake, na akalalamika. Alilalamikia chai, nauli, kelele za treni, jinsi nilivyokata kuku. Mkawasi aliniambia hajawahi kusikia muziki mzuri kama baba yake akilalamika.

Wakesho hakumbuki kitu cha hayo. Lakini hadithi anaijua. Mama yake alimsimulia mara nyingi, kila mara kijana wa tai akizidi kulowa. Ndiyo maana nadhani hakuchagua maneno ovyo aliponiuliza kama nina neno na yeye. Aliuliza kama mtu wa kwetu anavyouliza. Nami nikamtumia blanketi.

Niliziacha pojo, nikaenda nyuma ya nyumba. Kuna tangi pale ambalo mke wangu alilidai kwa miaka hadi nikalinunua, na mvua ya mwisho kabla ugonjwa haujamlaza kitandani aliikinga mwenyewe, akisukuma mfereji wa bati kwa fimbo huku nikimkemea atalowa. Tangu afe nilikuwa nikinunua maji kwa mitungi kutoka kwa watu wa boda, ili yale ya tangi yasiishe. Nilifungua kidogo, nikajaza kikombe. Nikarudi barazani nikampigia Wakesho. Aliitikia upesi, kwa woga. "Baba? Kuna nini?"

"Wakesho," nikasema, "nilikudanganya. Nina neno."

Nikalisema. Nilisema mama yake aliuliza kila gari lililopanda mlima kama ni yeye. Nilisema kila alipoambiwa kwamba Wakesho anakuja mwezi ujao alinituma nikafue shuka za kitanda cha binti yake, na mimi nikazifua, na mwezi ujao nikazifua tena zikiwa safi. Nilisema siku ya mazishi niliona jina lake juu ya maua na nikatamani kuyang'oa. Sauti yangu haikupanda. Nilisema hilo ndilo neno langu na sina lingine. Kisha nikaangalia upepo unatoka wapi, nikavuta maji, nikayapuliza uani kwa nguvu zote nilizobaki nazo. Kuku walitawanyika.

"Baba!" simu ikapiga kelele. "Baba, unatapika? Uko na nani hapo? Baba!"

"Sijatapika, mwanangu," nikasema. "Ni baraka hiyo."

Nikamsikia anaanza kulia, au kucheka, kwa mbali sikuweza kutofautisha, na kwa mama yake pia mara nyingi sikuweza. Kisha nikasikia hatua, mlango ukifungwa, na jikoni mwa watu mfereji ukifunguliwa, maji yakiingia kwenye gilasi.

"Na mimi ninalo, Baba," Wakesho akasema.

Nikavuta kiti, nikakaa, nikaisogeza simu sikioni.